Rangi ya Siku

Usidanganywe na picha za askari wanazobandika ukutani. Vita ya siku hizi unaweza kuipigana umekaa, tena kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Luteni wa hadithi hii ndivyo alivyoipigana. Kijana mdogo tu, ndevu zake bado anazibembeleza ziote, na kazi yake yote vitani ilikuwa kusema neno moja kati ya mawili: "wetu" au "wao". Akisema wetu, watu wale wa kwenye skrini wanaendelea na safari yao. Akisema wao, koplo aliyekaa kulia kwake anabonyeza kitufe, na hapo tena hakuna cha mjadala.

Mama yake alipoambiwa kwamba mwanawe hatalala handakini wala kukimbizana na mtu, alipiga magoti palepale jikoni akashukuru. Halafu akawapigia simu mawifi zake wote. "Mwanangu anafanya kazi ya ofisini," aliwaambia, utadhani kaajiriwa posta.

Kazi yenyewe aliifundishwa chuo cha maafisa. Mwalimu wao alikuwa meja mmoja mfupi, mkali kama pilipili, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bwana Mkono. Darasani kwake mapazia yalifungwa mchana kweupe, wakaonyeshwa picha za watu zilizopigwa kutoka angani. Askari wetu hufunga utepe wa rangi kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na rangi hiyo hubadilishwa kila alfajiri, kwa sababu adui naye ana macho. Leo njano, kesho nyeupe, keshokutwa bluu. Mwenye rangi ya leo ni wetu. Mwenye rangi ya jana ni adui aliyevua utepe kwenye maiti zetu na hajapata habari kwamba mambo yamebadilika. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo.

"Msitazame uso," Bwana Mkono alikuwa akisema huku akigonga dawati kwa rungu lake. "Kila uso una mama yake. Ukitazama uso utaanza kufikiri, na ukianza kufikiri umeshaua wenzako. Tazama mkono." Ukichelewa kujibu, rungu linagonga. Ukikosea, unazunguka uwanja mzima umebeba dawati kichwani.

Luteni hakuwahi kubeba dawati. Alikuwa kinara wa darasa, anajibu kabla picha haijatulia. Aliyelibeba mpaka likamzoea ni rafiki yake wa kitanda cha chini, ambaye chuo kizima kilimwita Kiatu. Jina hilo lilitokana na mwendo wake. Alitembea kama mtu aliyeazima viatu vya mdogo wake, kisigino kinatua kwa woga, halafu goti linakuja baadaye kwa wakati wake. Jeshi lilimbadilishia buti mara tatu, mwendo ukabaki uleule. Kiatu akionyeshwa picha, badala ya kujibu, anauliza. "Huyu anatoka wapi?" "Mbona huyu kama kabeba mgonjwa?" Bwana Mkono alimwambia akafungue chuo chake cha umbea.

Kozi ilipokwisha Luteni alipelekwa kwenye droni, zile ndege zisizo na rubani, na Kiatu akapewa platuni ya askari wa miguu. Waliagana kituoni, mabegi begani. "Wewe unakwenda kuwa malaika, mimi nakwenda kuwa panya," Kiatu alisema. "Ila ukiwa huko juu usinidondoshee hata ganda la ndizi." Wakacheka mpaka wakafutana machozi, kwa maana walipendana kama watoto wa tumbo moja, na mama yake Luteni alikuwa akimwita Kiatu mwanangu wa pili.

Chumba cha kazi kilikuwa ghala la kiwanda cha nguo ambacho wenyewe walikikimbia. Meza ndefu za kukatia vitambaa ndizo zilizobeba skrini, na vipande vya nyuzi viliganda kwenye soli za buti. Marobota ya khaki yalipangwa upande mmoja mpaka karibu na bati. Koplo anayerusha droni alikuwa binti mkimya waliyemwita Vidole, fundi wa kufuma masweta kabla hajaingia jeshini. Mkubwa wao alikuwa kanali mwenye sura ya upole, anayewaita wote wanangu na anayetaka jibu kabla hajamaliza swali.

Siku ninayoisema, rangi ilikuwa njano. Jana yake ilikuwa bluu.

Asubuhi, chai haijachemka, Vidole akasema, "Kuna watu." Walikuwa watatu, mmoja nyuma ya mwingine, kando ya mfereji mkavu, wakitokea upande wa adui. Ramani ya kanali ilisema hakuna askari wetu kule. Ukimtazama mtu kutoka juu unaona kofia na mabega basi, na Luteni hakuwa na haja ya zaidi. "Kuza kwenye mkono," akasema. Vidole akakuza. Picha ikachezacheza, kisha mkono wa yule wa nyuma ukaja wote kwenye skrini, wazi kabisa, na utepe wa bluu umezunguka juu ya kiwiko.

Luteni alifurahi ulivyoonekana vizuri. Ndiyo, alifurahi, na sitamfichia. Mtu akisomea kitu kwa bidii, hufurahi kikimtokea vilevile kama alivyofundishwa.

"Wao," akasema.

"Una uhakika, afande?" Swali hilo Vidole aliliuliza kila mara, ndio utaratibu.

"Bluu ni ya jana. Wao."

Skrini ikawa nyeupe, ikawa kijivu, halafu vumbi likaanza kutua taratibu. Pale ghalani hakikusikika kitu, hata kishindo. Kanali akaja akamshika bega. "Safi sana, mwanangu. Walikuja kutuchungulia, kumbe tunawachungulia sisi." Watu wakacheka, na Luteni akacheka nao. Alipewa chai ya kwanza, ndani ya kikombe cha kanali mwenyewe, akainywa yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuua. Alikuwa amesikia kwamba mara ya kwanza mtu hutapika, au hukosa usingizi, au huita mama yake. Yeye mkono haukumtetemeka hata kidogo, akajiona kaiva.

Mchana, jua likiwa limechachamaa, wakatokea wengine saba. Hawa walitoka kwenye tanuri la matofali, si mbali na ule mfereji, wametawanyika kama askari wanaojua kazi yao, na walielekea barabarani kwenye kizuizi chetu. Vidole akakuza bila kuambiwa. Wa kwanza bluu. Wa pili bluu. Wote bluu.

"Wametuma kaka zao," kanali akasema. "Haya mwanangu, tusiwacheleweshe."

Luteni akafungua mdomo, na neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini Vidole, ili apate shabaha ya kuwaweka wote saba pamoja, alikuwa amerudisha picha nyuma, na yule wa mbele ndiyo kwanza anavuka kijitaro. Akatua kwa kisigino. Akasita. Goti likaja baadaye.

Luteni akaisogelea skrini.

"Subiri," akasema.

"Nisubiri nini?" kanali akauliza.

"Subiri kwanza, afande. Yule wa mbele namjua."

"Mkono unasema nini?"

"Unasema bluu."

"Basi?"

"Ni rafiki yangu, afande. Tumekaa naye chumba kimoja chuo kizima. Ule ni mwendo wake."

"Mwendo," kanali akarudia, bado kwa sauti ya upole. "Chuoni walikufundisha mwendo?"

"Hapana, afande."

"Pale kizuizini nina vijana. Hao saba wakifika na mabomu mfukoni, nani atakwenda kuzungumza na mama zao? Wewe na huo mwendo wako?"

Ubaya ni kwamba kanali alikuwa anasema kweli. Dunia ina vilema wengi, na wenye viatu vya kubana ni wengi zaidi. Akikosea, vijana wa kizuizini wanakufa mbele ya macho yake, kwenye skrini yake. Alimtazama Vidole, na Vidole, kidole kikiwa juu ya kitufe, alikuwa anamtazama yeye. Kwa sheria yao neno lilikuwa lake, si la kanali.

"Wetu," akasema.

Kanali alimkazia macho kama anayetaka kumzaba kofi, kisha akanyakua redio akawaambia wa kizuizini wasifyatue, wawasimamishe wale watu mbali na mikono juu. Kwenye skrini wale saba walisimama katikati ya barabara, wakaweka silaha chini, wakapiga magoti. Mmoja wetu akawasogelea kwa kunyata. Halafu redio ikakoroma: "Ni wetu, afande. Wetu kabisa. Wana kiu tu."

Weee, palikuwa na shangwe pale, acha tu. Mpishi alitupa mwiko. Kanali alimkumbatia Luteni mpaka kofia ikaanguka. "Sasa hivi nilikuwa nakutafutia pingu," alimwambia, "na sasa nakutafutia mchumba." Vidole aliegemea kiti akafumba macho na kucheka peke yake. Luteni alikaa, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono ikaanza kumtetemeka.

Kiatu alifikishwa pale kwa gari la kizuizini. Aliwaacha askari wake nje, kwenye kivuli cha ukuta, akaingia peke yake, midomo imepasuka kwa kiu na nguo zimekuwa rangi ya udongo. Wakakumbatiana. Kisha Kiatu akamsukuma kidogo amwangalie vizuri.

"Umenenepa," akasema. "Kumbe umalaika una chakula."

"Mbona bluu?" Luteni akamuuliza. "Nusura nikuue, bwana. Mbona mmevaa bluu?"

"Redio," Kiatu akasema, akijimwagia maji kichwani. "Jana bomu lilituangukia jirani, redio ikafa, ikabidi tuhame usiku bila kumwambia mtu. Nilijua rangi imebadilika, lakini imekuwa ipi, nani aniambie? Nikasema tusikae kama wajinga. Alfajiri nikatuma watatu waje huku, wachukue utepe mpya na kuwaambieni tulipo. Nilipoona kimya nikaamua kuja mwenyewe." Akageuka huku na huku. "Wako wapi wenyewe? Msiniambie mmewalaza, maana Bwana Harusi akiona kivuli tu, amelala."

Vidole aliitoa mikono yake mezani, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia.

"Hawajafika," kanali akasema, upesi mno. "Njia ile ina adui kila kona. Kaa kwanza, kunywa maji." Akamshika Luteni mkono na kumvuta mpaka nyuma ya marobota ya khaki.

Luteni alikuwa anaona midomo ya kanali ikicheza, ila masikio yalikuwa yameziba. Maneno yalimfikia vipande vipande. "Si kosa lako, ni redio... Waliuawa na adui, umenisikia? Ndivyo itakavyokuwa... Ukimwambia napoteza maafisa wawili leo, wewe na yeye, na kesho adui hatapumzika kwa ajili yenu." Kanali akapangusa uso kwa kiganja. "Hata mimi nilikupongeza," akasema taratibu. "Nilikupa kikombe changu. Usifikiri kwamba mimi sina moyo. Hii ni amri."

"Ndiyo, afande," Luteni akasema. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

Aliporudi, Kiatu alikuwa amelegeza kamba za buti na anamwomba mpishi chai ya askari wake. "Weka na ya wale watatu," alikuwa anasema. "Wakija ya moto imekwisha, watanisema mwaka mzima." Luteni akasimama mbele yake. Aliona kabisa kwamba akikaa kimya sasa hivi, atakaa kimya maisha yake yote, na atakuwa anakula kwenye meza moja na mtu huyu sikukuu zote, mama yake akiwapakulia wote wawili.

"Ulituma wafuate mfereji?" akauliza.

"Eeh, una kingo nzuri. Kwani umewaona?"

"Niliwaona."

"Wakaelekea wapi?"

"Hawakuelekea popote. Walikuwa na bluu. Nikasema wao."

Kiatu alitabasamu, kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho. Alimtazama Luteni, akamtazama Vidole, akamtazama kanali aliyetokeza nyuma ya marobota. Tabasamu lilibaki usoni kwake muda mrefu, halina mwenyewe.

"Nionyeshe," akasema.

Mashine zile huhifadhi picha nzima, hata kama mtazamaji alikuza kipande tu. Vidole aliirudisha asubuhi kwenye skrini, machozi yakimdondokea kwenye vitufe. Wakatokea wale watatu, mfereji, vivuli virefu vya jua changa. Kiatu aliinama karibu na kioo, akaanza kuwaonyesha kwa kidole chenye tope, sauti imetulia kabisa, na huko kutulia ndiko kulikomtisha Luteni kupita kelele yoyote.

"Wa mbele ni Hakimu, tunamwita hivyo kwa kupenda kuamua ugomvi. Wa kati anapika, akikosa kuni anaimba. Huyu wa nyuma ndiye Bwana Harusi. Kaoa tukiwa tumeshapewa tarehe ya kuja huku. Kamwoa dada yake sajini wangu, huyo aliyekaa hapo nje."

Kwenye skrini Bwana Harusi alisimama. Aliinua kichwa moja kwa moja kuelekea kwenye droni, mpaka uso ukaonekana chini ya kofia, uso wa kijana anayecheka. Akanyoosha juu mkono wake wa kulia na kuupunga, huku na huku, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya barabara.

Asubuhi Luteni alikuwa ameuona utepe tu, alivyoagiza mwenyewe, na hakujiuliza kwa nini ulionekana vizuri namna ile. Ulionekana kwa sababu mwenyewe aliuinua ili aonekane.

"Niliwaambia mimi," Kiatu akasema. "Niliwaambia mkiisikia droni msikimbie wala msilale. Pungeni mkono. Nikawaambia aliyeko huko ni ndugu yangu, hawezi kuwapiga watu wangu."

"Kiatu..."

"Simamisha hapo, koplo. Usifike mbele."

Vidole akasimamisha. Yule kijana akabaki mkono juu.

"Mimi ulinijuaje?" Kiatu akauliza bila kugeuka.

"Kwa mwendo."

"Na hawa mimi ningewajua kwa mwendo. Mmoja mmoja. Ungeniuliza."

Kulikuwa na redio iliyokufa, palikuwa na ramani, palikuwa na sheria ya rangi, na yote hayo yalikuwa kweli, na Luteni hakuweza kulitoa hata moja mdomoni. Kiatu alijiinua, akafunga kamba za buti polepole, akafunga na kufungua na kufunga tena. "Wale nje wanawasubiri wenzao," akasema. "Mimi sitawaambia. Sina nguvu hiyo."

"Luteni," kanali akasema. "Nimekupa amri."

Aliisikia vizuri mara hii, masikio yalikuwa yamezibuka. Akampita kanali bila saluti, akafungua mlango.

Jua lilimpiga usoni. Askari sita walikuwa wamekaa kwenye kivuli, migongo ukutani, vikombe vya chai mikononi, na walipomwona wote wakasimama. Vijana wa kizuizini walikuwa wamekwisha kuwasimulia. Sajini, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, aliweka kikombe chini akamfuata, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe ndiye wewe, mwanangu," akasema. "Tumeambiwa yote. Wakubwa walishasema tupigwe, wewe peke yako ukakataa. Sasa mimi nikushukuruje? Nina watoto wanne nyumbani na mama yao ana mwingine tumboni. Akiwa wa kiume nampa jina lako, na akiwa wa kike tutalipindapinda mpaka limfae." Wenzake wakacheka. "Na kuna kijana wetu mmoja, shemeji yangu, katangulia na wenzake, nadhani wamepitiwa na usingizi mahali. Akifika namleta akupe mkono naye. Dada yangu angenila mzima kama ningerudi peke yangu."

"Sajini," Luteni akasema. "Shemeji yako hatakuja."

"Kapotea njia?" sajini akauliza, bado anacheka. "Yule hata sokoni hupotea."

"Hakupotea. Alikuja sawasawa mpaka nikamwona."

Akaanza kumweleza, akimtazama usoni. Alimwambia kuhusu mfereji, kuhusu rangi ya jana, kuhusu neno alilolisema, na hakuruka ule mkono uliopungwa. Mahali fulani katikati ya maelezo vicheko vya wengine vilikatika. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, na alikuwa amesahau kwamba bado ameushika mkono wake.